Barua Iliyotoka Kwenye Tovuti Yetu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mgongo umekufa. Mimi na Mzee Kiilu tumepandisha mawe orofa ya tatu tangu asubuhi. Wakati wa chai vijana wa mjengo wakaanza kumcheka. Mzee, leo umevaa nepi? Mmoja akasoma kwa simu, kwa sauti: "Tangu nianguke kwa ngazi, mkojo unanitoka bila kujua." Barua yake! Alikiandikia kikundi chetu cha kuzikana, sisi watu wa Mwingi tulio Kitengela, akiomba msaada wa hospitali. Siri ya kamati. Sasa inazunguka WhatsApp. Kiilu aliweka kikombe chini, akarudi kubeba mawe.

Jumanne, 5 Agosti
Wanasema ni Mwongeli aliyeitoa barua. Yeye ndiye sekretari, na barua zote huziweka kwenye tovuti ya kikundi, mahali pa kamati tu, pana neno la siri. Nani mwingine? Mwongeli ndiye alinitafutia kazi nilipofika hapa sina hata pa kulala.
Tovuti ni mimi niliitengeneza.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilipita kwa Roy mwenye saiba, duka la intaneti, akaiangalia tovuti. Hata dakika tano hazikuisha. Akauliza, hii plagini, kiprogramu cha kuzungusha picha, uliitoa wapi? Nikasema ni ya bure, ya mtandao. Akasema ina shimo. Ukiiitisha picha, inaleta picha. Lakini mtu akibadilisha jina kule juu kwenye anwani, akataja faili nyingine, inaleta hiyo pia. Haiulizi wewe ni nani! Kama storekipa anayekupa chochote unachotaja dirishani. Na neno la siri? Halikuguswa, anasema. Walioichukua barua walipita kando.
"Hii ilitangazwa tangu Machi, bro. Hukuona ilani?"
Niliona. Nyekundu, kila nikifungua. Kiingereza kingi. Niliachia shule kidato cha pili — nilielewa tu kwamba nibadilishe plagini, na mara ya kwanza nilipobadilisha, picha zilipotea watu wakanicheka. Basi nikawa naifunga tu. Miezi mitano. Ningeuliza mtu, lakini kikundi kizima kinaniita Injinia. Injinia gani anauliza?
Roy ameitoa, shimo hakuna tena. Halafu nikamwomba asiambie mtu. Hilo linanichoma kuliko ile ilani.

Jumamosi, 9 Agosti
Kiilu hakuja kazini. Sikuenda kumwona. Ningemwangalia na macho gani?

Jumapili, 10 Agosti
Mkutano wa kikundi, Kisaju. Tumepewa mapumziko ya chai, naandika nyuma ya tangi la maji. Mwenyekiti Ngui anataka Mwongeli atolewe leo. Mama yake ni mgonjwa sana nyumbani — akitolewa, atamzika peke yake. Mwongeli ameapa hakuitoa barua, hadi sauti ikakatika. Phylis wa kamati akamwambia anyamaze, machozi ya sekretari hayarudishi heshima ya mzee. Kisha Ngui akanigeukia. "Injinia, wewe ndiye unajua hizi vitu. Barua ingeweza kutoka bila sekretari?"
Nikafungua mdomo. Nikasema — nikasema wanipe muda niangalie.
Sasa hivi Mwongeli ameniletea chai huku nyuma. Ati asante ndugu yangu, wewe peke yako hujanishuku. Ameongeza sukari, anajua napenda.
Ngui anapiga makofi mlangoni. Ndani, ndani! Anasema wataanza na Injinia.