Nyimbo Ndani ya Flashi

Mujukuu wangu Neema,

Hapa Masisi tuko wazima. Dada yako amezaa binti. Unauliza tulipeleka namna gani programu mupya za kulinda seva ya hospitali niliyokuwa ninatunza, isiyo na internet.

Wakati wa vita zilitoka Goma ndani ya flashi, mukononi mwa rafiki yangu Papa Kasereka, mufanyabiashara. Kwetu hatupelekei mutu kikapu nusu. Alipoona flashi iko na nafasi, akaijazisha nyimbo za kwaya kwenye kompyuta ya watu huko Sake, zawadi yangu!

Niliipima kwanza kwenye ordinateri, kompyuta yangu ya zamani. Ile ordinateri ikakufa palepale. Virusi! Na ile seva moja njo iliendesha mashine zote za hospitali; zingekufa nayo.

Papa Kasereka akauliza kwa furaha: “Nyimbo iko tamu?”

Neema, bunduki haikunitisha kama ile zawadi.

Koko yako