Nguvu za Kumnyanyua

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimemwangusha mume wangu.

Naandika ilivyo, maana kwa watu nimesema ameteleza. Hakuteleza. Nilimshika chini ya makwapa nimtoe kwenye kigoda cha bafuni, mgongo ukanikata kama kisu, magoti yakalegea. Tukaenda chini wote, yeye chini na mimi juu yake. Kaangukia upande wake mzima, ule ambao kiharusi kilimwachia. Alhamdulillahi, hakuvunjika.

Tulikaa pale kwenye maji. Nikajaribu kumwinua, nikashindwa. Nikajaribu tena. Yeye ananitazama tu — wala hakunilaumu, alikuwa kama ananionea huruma! Mwisho nikapiga kelele, akaja fundi seremala wa nyumba ya pili na mafundi wenzake. Wakamnyanyua kama mto. Mke wake seremala akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

Mgongo unauma hata kuandika. Nimesali nimekaa.


Ijumaa, 11 Julai

Shemeji amekuja. Kaka mkubwa wa mume wangu. Amesafiri tangu jana kutoka huko kwao, kasikia.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Kanipa pole, kanywa maji, kisha kwa upole kabisa akasema kazi hii imenizidi, atamchukua mdogo wake akakae kwake, wanawe wana nguvu za kumbeba. Nikauliza, na mimi? Akasema kwake nafasi ni finyu, na mimi nina cherehani na wateja wangu. Nitakuwa naenda kumwona.

Kumwona! Kama mgonjwa wa wodini.

Nikamwambia shemeji, tumuulize mwenyewe. Maneno yake siku hizi ni ya kuokoteza, mdomo umekwenda upande, lakini akili yake iko palepale. Akahema, akahangaika na ulimi, akasema: "Hapa." Basi. Nilitaka kumbusu mbele ya kaka yake.

Shemeji akafikiri. Akasema sawa, atarudi mwisho wa mwezi ujao, Jumamosi ya tarehe thelathini. Akimkuta ndugu yake kitandani bado, na vidonda vya mgongo, anaondoka naye. Akimkuta amekaa kitini, amevaa, hatasema neno tena. Tukapeana mkono. Ni mtu wa haki, siwezi kumsema vibaya. Anampenda mdogo wake. Ndiyo maana naogopa — ningekuwa napambana na mtu mbaya, ingekuwa rahisi.


Jumapili, 13 Julai

Binti yangu amekuja na zawadi. Nilidhani ni blenda. Ni yale madude ya kuvaa usoni, miwani mikubwa kama ya mchomeleaji, na vishikio viwili vya mkononi. Anasema alinunua kwa ajili ya mazoezi, akachoka baada ya wiki. Mama, anasema, huwezi kwenda jimu kila siku ukamwacha baba. Fanyia mazoezi hapahapa chumbani.

Zamani nilikuwa nakwenda jimu mimi, kabla ya haya. Daktari alinituma kwa ajili ya presha, na nikapenda. Mume wangu alipougua nikaacha. Nikawa mtu wa cherehani na kitanda, kitanda na cherehani. Mwili ukavimba, nguvu zikaisha, sikuona zinaondoka.

Nimevaa hayo madude. Subhanallah! Chumba kikapotea. Nimesimama kwenye uwanja mkubwa mweupe, nina glavu za ndondi, na mipira myekundu inanijia usoni. Kazi ni kuipiga. Na magogo yanapita juu, unachuchumaa yasikugonge. Nikapiga, nikachuchumaa, nikapiga mlango wa kabati. Nilipovua, vidole vinauma, na nikamsikia mume wangu anatoa sauti kitandani. Nikashtuka, nikadhani amepaliwa.

Alikuwa anacheka. Nusu ya uso inacheka, nusu imetulia. Tangu augue sijamsikia.

Akaniuliza nampiga nani. Nikamwambia shetani.

Akasema: "Amekushinda."


Jumanne, 22 Julai

Jimu ni Jumanne na Ijumaa asubuhi, saa za wanawake. Mke wa seremala anakaa na mume wangu, anakuja na mchele wake wa kuchambua.

Siku ya kwanza niliona aibu. Wengine wamevaa vitu vinavyobana, mimi na baibui langu na raba za binti. Mwalimu ni mwanamke mfupi, mpana, wanamwita Chuma. Akaniuliza nataka nini, kupunguza tumbo au mapaja? Nikasema nataka kumnyanyua mume wangu. Wakacheka wote. Nikaeleza. Chuma akanipima mabega kwa macho.

Leo Chuma katengeneza gunia. Kalijaza mchanga, kalifunga kwa mikanda, zito kama mtu, na linalegea hukohuko linakotaka — maana, anasema, mgonjwa si chuma, hana pa kushika. Nilikumbatie kifua kwa kifua, nikae kama mtu anayekaa chooni, nisukume sakafu kwa miguu. Mgongo usifanye kazi yoyote. "Mgongo ni abiria," anasema.

Sikuliinua hata kidogo. Kina mama wamelipa jina, Bwana Harusi. Kila nikilikumbatia wanapiga vigelegele. Mmoja akasema mshike vizuri, asije akaoa mwingine.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Njiani nikalia. Sijui kwa nini.


Jumatatu, 4 Agosti

Alfajiri hii nimesujudu! Nimekwenda chini na nimesimama mwenyewe, sikushika kiti. Nimebaki kwenye sijida muda mrefu, namshukuru Mola kwa magoti yangu. Mtu hashukuru magoti mpaka yamkatae.

Miwani kila siku, akishapata uji na dawa. Mipira nimeizoea, sasa ngumi zangu zina mlio. Mume wangu ndiye kocha. Anagonga kitanda kwa mkono wake mzima nikilegea. Leo nilipovua miwani, jasho linatiririka, nikamkuta ananitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikitoka kuoga. Nikaona haya, na umri huu! Nikamtupia taulo.

Bwana Harusi ameondoka sakafuni Ijumaa. Kidogo tu. Chuma alipitisha mkono chini yake kuhakikisha.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya jambo la huruma. Mume wangu alionyesha miwani, akaonyesha uso wake. Nikasema mbona sijafikiria? Mimi natoka, naona watu, yeye dari tu.

Binti akanielekeza kwa simu. Kuna mchezo wa kuendesha malori. Na mume wangu amemaliza maisha yake yote barabarani, dereva wa malori ya masafa. Nikamvisha, nikampa kishikio mkono mzima. Ule mwingine nikaulaza juu ya mto.

Akatulia. Kisha kichwa kikaanza kugeuka, kulia, kushoto, anaangalia vioo. Kidole gumba kinafanya kazi. Akaanza kuimba — kuguna, tuseme. Nikaacha cherehani nikamtazama.

Mungu amlipe binti yangu.


Jumatano, 13 Agosti

NIMEMNYANYUA.

Asubuhi, mke wa seremala amesimama pembeni kwa tahadhari. Nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Kifua kwa kifua. Nikasema bismillahi, nikakaa kama ninavyokaa kwa Bwana Harusi, nikasukuma sakafu. Akaja! Uzito wote ule ukaja juu, tukawa tumesimama wawili tumekumbatiana katikati ya chumba, kidevu chake begani kwangu. Sijasimama naye hivyo tangu augue. Nilisahau kwamba ni mrefu kuliko mimi.

Nikamgeuza, nikamshusha kitini, dirishani. Mke wa seremala akapiga makofi. Akasema, ama shoga, leo umembeba kama mtoto!

Mume wangu akatazama nje. Akanyoosha mkono, anataka miwani. Nikamwambia subiri basi, tazama barabara ya kweli kwanza. Akafumba macho.

Nadhani alichoka.


Jumapili, 17 Agosti

Hakuchoka.

Siku hizi akiamka ni miwani. Uji unapoa, yuko kwenye lori. Nikimwambia twende kitini anasema: "Baadaye." Nikirudi, baadaye. Nikimshika, anajilegeza — hanisukumi, anajilegeza tu, mwili unamwagika mikononi. Mimi najua kumnyanyua mtu anayelegea, nimejifunza. Lakini huyu analegea kwa kusudi.

Mazoezi yangu sasa nafanya sebuleni bila miwani, nachuchumaa nikishika ndoo ya maji. Sithubutu kumwomba miwani. Mimi! Niliyempa!

Kwenye mgongo, chini kwenye nyonga, nimeona wekundu. Nimegeuza, nimepaka mafuta. Kidonda huanza hivyo.


Alhamisi, 21 Agosti

Jana nilificha miwani kabatini, chini ya vitambaa vya wateja. Nikamwambia imeisha chaji.

Hakula mchana. Hakula jioni. Nikimpelekea kijiko anageuza uso ukutani, kama mtoto aliyesusa, ila si mtoto, ni mwanamume wa miaka hamsini na nane, na machozi yanaingia sikioni kwa sababu hawezi kuyafuta upande ule.

Leo asubuhi nimemrudishia. Nikakaa kitandani nikamwambia, baba watoto, shemeji anakuja. Nimevunjika mgongo kwa ajili yako, nimekwenda kuchekwa na wanawake, nimekumbatia magunia. Sasa nguvu ninazo. Kwa nini hutaki?

Akatafuta maneno kwa muda mrefu. Sikumsaidia, daktari alikataza kumsaidia. Mdomo unakwenda, unarudi.

"Kule naendesha," akasema. "Huku nabebwa."

Nimekwenda uani. Nimeanika nguo zilizokwisha kukauka.


Ijumaa, 22 Agosti

Nilimweleza Chuma. Nilidhani atanipa zoezi lingine. Akakaa juu ya Bwana Harusi, akajipangusa uso, akasema hilo yeye hana mashine yake. Kisha akasema gunia ulilinyanyua, lenyewe hukuliuliza.

Sikupenda. Njia nzima nilikuwa namjibu moyoni. Nimwulize nini? Kidonda kisubiri ajibu kwanza? Kidonda hakiulizi!

Nimesali. Nimemwomba Mola anipe nguvu, kisha nikakumbuka nguvu kanipa tayari, nikakosa la kuomba.


Jumatano, 27 Agosti

Tumejadiliana. Niseme nimejadili mimi, yeye kasikiliza.

Nimemwambia, sawa, ukiwa kitini unaweza kuvaa miwani. Lori lina kiti, dereva halali. Akatabasamu nusu. Akakubali, nikamnyanyua, na safari hii alisukuma kidogo kwa mguu mzima — niliusikia! Ule mguu ulisukuma! Akakaa dirishani na miwani yake. Kisha mpita njia akasimama akachungulia, kwa nia njema tu, akamsalimu kwa sauti, shikamoo mzee, naona leo umetolewa.

Umetolewa. Kama godoro.

Akataka kurudi kitandani. Nikamrudisha.


Jumamosi, 30 Agosti

Shemeji kafika. Yuko sebuleni na mwanawe mkubwa. Gari wameazima, liko nje na kiti cha nyuma kimelazwa, nimeona.

Mume wangu bado yuko kitandani. Tangu alfajiri nimemwogesha, nimemvalisha shati jeupe, nimemnyoa. Wekundu wa mgongo umepungua, alhamdulillahi. Nimesema, haya, twende, kaka yako amefika. Ana miwani. Hakugeuka.

"Niko njiani," akasema.

Nimesimama pale, mikono imekaa tayari yenyewe, miguu imekaa tayari. Naweza kumnyanyua. Wiki nane zilizopita nisingeweza, na ningejua cha kufanya: ningelia. Sasa naweza kumvua hayo madude, nimkumbatie, nimkalishe kitini anyong'onyee pale kwa dakika kumi, shemeji amwone, anywe chai, aondoke. Hakuna atakayejua. Ataniachia mume wangu.

Na yeye atajua.

Nimeshika miwani kwa vidole viwili. Nikaachia.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasogeza kishikio kidogo wakati anataka kupinda. Nikamwambia sikunyanyui. Kaka yako amekuja kukuchukua na mimi sitaki, unajua sitaki, nikibaki na nyumba hii bila wewe sijui nitaifanyia nini. Lakini sikunyanyui mpaka uniambie. Kama unataka kwenda kwake, sema. Kama unataka kukaa, tutasimama wawili, wewe na mguu wako na mimi na yangu. Gumba lake likasita. Nadhani lori lilisimama. Sioni anachokiona.

"Nifike kwanza," akasema.

Nikasema haya. Ukifika, niite.

Sasa niko jikoni, kisingizio ni chai. Shemeji ameshauliza mara mbili kama kuna la kusaidia, kwa adabu, na nimemjibu bado kidogo, mdogo wako anamalizia jambo. Akauliza jambo gani. Nikasema safari. Sijui kaelewa nini.

Maji yamechemka, nimezima. Mlango wa chumbani nimeuacha wazi. Nasikia kidole chake kwenye kishikio, tik, tik. Kijana wa shemeji kaanza kutembea sebuleni. Shemeji anamwambia kaa.

Tik, tik.

Kidole kimenyamaza. Nadhani lori limefika.

Hajaita.