Onyo Lililorukwa

4 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Cherehani bado inakutii? Mimi mzima, ila ubaridi wa ofisi hii unanikausha midomo.

Umeuliza kazi yangu ni nini hasa, maana Mama amewatangazia majirani kwamba natengeneza dawa. Sitengenezi dawa. Naandaa yale maelezo yaliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambayo watu huyatupa bila kuyasoma. Tunayaandika kwa XML. Ni maandishi ya kawaida, ila kila kipande kinakaa katikati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga, hivi: <onyo>Usimpe mtoto mchanga.</onyo> Lebo haisemi maneno yawe mekundu au makubwa. Inasema tu hili ni onyo, kile ni kipimo. Kisha programu moja, kikaguzi, inaangalia kama lebo zote zimefungwa na hakuna sehemu iliyosahaulika. Nyingine, kigeuzi, inachukua faili hilohilo na kulitoa kama karatasi ya kuchapwa au ukurasa wa simu.

Anayenifundisha ni msimamizi wangu, mama mmoja tunayemwita Sindano kwa ukali wa ulimi wake. Juzi nilisahau kufunga lebo, faili zima likagoma. Akaniuliza, "Wewe huwa unasalimia watu nusu halafu unaondoka?" Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Nampenda sana.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina siku zake. Kazi yako nimeielewa kwa upande wangu: nami nikikata kitambaa naandika kwa chaki "mkono", "kola", nisije nikamshonea mtu mkono shingoni. Mama yako anasema ataendelea kusema unatengeneza dawa, kwa sababu majirani wameshazoea.

Mshike huyo Sindano. Mtu anayekufundisha kazi huku anakuchekesha si wa kupoteza.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu ziwe fupi, nisamehe. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Jana nilishika karatasi ya mfano ya sharubati ya homa ya watoto. Kipimo kipo. Onyo la kutompa mtoto mwenye ugonjwa wa ini halipo. Nikarudi kwenye faili, nikalikuta limeandikwa, limefungwa vizuri, na kikaguzi kimelipitisha. Kosa liko kwenye kigeuzi. Kwenye sehemu ya watoto kimeagizwa kichukue kipimo tu, kwa hiyo onyo kinaliruka bila hata kulalamika. Na kigeuzi hicho alikiandika Sindano mwenyewe.

Nikampelekea. Hakuinua macho.

"Faili limepita?"

"Limepita, Dada, lakini..."

"Basi limepita. Mtambo wa kuchapa unatusubiri."

"Dada, kikaguzi kinaangalia faili. Karatasi hakiioni."

Akavua miwani. "Juzi nimekufundisha, leo unanifundisha?"

Zinachapwa Ijumaa. Juu yake yupo mkurugenzi. Nifanyeje? Nijibu upesi.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Rudi kwake mkiwa wawili, watu wasione. Kwa mkurugenzi usiende. Wewe mgeni pale, kibarua kitaota nyasi, na huyo mama ndiye aliyekushika mkono. Mama yako amesoma haya juu ya bega langu, na sasa amenuna.

Baba yako

26 Machi

Mwanangu,

Mbona kimya? Simu yako inaita tu. U mzima?

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

Bado kimya. Jana mama yako alikwenda duka la dawa, akanunua sharubati ya homa, na unajua hapa kwetu hakuna mtoto. Alikaa kitandani akasoma maelezo yote mpaka chini, kisha akanipa na mimi nisome. Nikafikiria ungekuwa wewe mdogo, na mimi ndiye nashika kijiko. Kama ulikwenda kwa mkurugenzi, ulifanya sawa. Kama hukwenda kwa ajili ya neno langu, nenda sasa. Tuandikie hata mstari mmoja.

Baba yako

6 Aprili

Baba,

Shikamoo, na mpe Mama pole. Sikuwa na neno la kuandika.

Barua yako ya kunikataza ilinikuta nimeshatoka kwa mkurugenzi. Nilikuwa nimemrudia Sindano tukiwa wawili, akaniambia nisimpotezee muda. Mkurugenzi aliweka faili na karatasi pamoja, akasoma, akapiga simu mtambo usimamishwe. Kisha akaamuru dawa zote za watoto zikaguliwe. Karatasi nyingine zilikuwa na pengo hilohilo, na baadhi zilishafika madukani. Sasa zinarudishwa.

Sindano alifukuzwa jioni ileile. Alichukua kikombe na sweta yake, akanipita kama anapita ukuta.

Kiti chake nimepewa mimi. Kigeuzi nimekirekebisha, na nimeandika programu ndogo inayolinganisha faili na karatasi, neno likirukwa inapiga kelele. Inafanya kazi vizuri. Lakini nikiingia jikoni wenzangu wanashusha sauti, na kile kiti nakikalia ukingoni. Nataka kurudi nyumbani.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Chumba chako kipo, ingawa nimekijaza vitambaa. Njoo ukitaka. Ila kabla hujafunga mzigo, nenda kwake. Usiende kuomba radhi kwa ulilofanya. Nenda tu umjulie hali.

Baba yako

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mzigo sijafunga bado, na sijui kama nitafunga.

Leo nimekwenda. Nilizunguka mtaa wake mpaka muuza duka akaniuliza nimepotea nini. Sindano alifungua mlango. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Kuna mtoto aliyedhurika?" akauliza.

"Hatujasikia hata mmoja, Dada. Tumepiga simu hospitali zote."

Akashika fremu ya mlango, akainamisha kichwa. "Tangu siku ile nauliza. Napiga simu ofisini, wakisikia sauti yangu wanakata."

Akajifuta uso kwa kanga, akasogea pembeni.

"Ingia. Ila vua viatu, nimetoka kupiga deki."

Nikavua.

Mwanao