Ukoga wa Tangi la Pili

Jumamosi, 2 Machi

Kazini nimesugua tangi la pili la maji ya mji. Ule ukoga upo palepale, chini ya bomba linaloingiza maji. Kijani cheusi, umeshonana kama zulia. Miaka tisa nausugua, miaka tisa unarudi! Leo brashi imeisha meno. Nimebandua kipande kimoja tu, nimpelekee mwalimu wa biolojia, mpangaji mwenzetu. Yeye hupenda takataka za namna hii.

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu kaja mbio, kioo cha kukuzia mkononi! Eti ni kuvumwani adimu, aina ya mmea wa ukoga — inajulikana kwenye milima ya mbali tu, safari ya siku mbili. Huku haijawahi kuonekana. Akasema: kaka, umeokota dhahabu! Mke wangu akadakia: miaka yote hiyo anaifagia! Amecheka hadi akashika tumbo. Mimba ina miezi mitano sasa. Hii ikae, Mungu wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo mwalimu hakupiga kelele. Aliketi kizingitini. Amesoma zaidi: mmea huu hufuata shaba, na shaba ikizidi majini ni sumu. Kule kwao huota kwenye vifusi vya migodi. Akauliza maji ya tangi la pili yanatoka wapi. Mlimani, nikasema — chini ya mgodi uliofungwa kabla sijazaliwa.



Akauliza tena: na nyinyi hapa mnakunywa yapi?

Dumu lilikuwa miguuni pangu. Kila jioni nalijaza palepale kwenye tangi, nikijua ndiyo maji safi kuliko ya mtu yeyote mtaani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwomba msimamizi tupime shaba. Akacheka: fundi, ukoga umekufundisha kemia? Wakaguzi wanakuja kesho saa nne, nao hutazama kuta. Nisugue zing'ae, nifunge mdomo. Akanipa brashi mpya — niliyoiomba tangu Januari!

Nyumbani nimemwaga dumu zima. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikasema limeingia mende. Zile mimba mbili zilizotoka kabla ya hii sikuzitaja. Yeye naye hakuzitaja, ila alilitazama dumu kwa muda mrefu.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tatu u nusu. Tangi tupu, niko ndani, naandikia gotini. Ukoga uko mbele yangu, umelowa, mzuri.

Ujumbe wa mke wangu: maji yamekwisha, nina kiu, nichote ya bomba?

Nimejibu: usinywe. Nakuja kukueleza.

Gari la wakaguzi limesimama nje. Msimamizi anachungulia tunduni: fundi, bado tu?

Bado, mkuu.

Brashi haijatoka kwenye karatasi yake.