Mvua ya Jumatatu

Jumatatu, 10 Novemba 1986

Nimehesabu tena makala yaliyochapwa ya watafiti wetu, rafu kwa rafu hapa maktaba. Mifugo kumi na moja. Mtama saba. Kunde sufuri, mwaka wa pili huu. Makao makuu wanataka hesabu hiyo wajue ni kitengo gani cha utafiti kifungwe hapa kituoni. Namba haina upendeleo, nilijiambia. Nikapiga jedwali taipu, nikampelekea mkurugenzi kabla ya chakula. Kanisifu. Jioni Dokta Mwikali wa kunde akanisalimu vizuri, nikaona haya.

Jumatano, 12 Novemba

Nanakili daftari la mvua kwa ripoti ya mwaka. Ajabu. Jumapili zote kavu, Jumatatu ndizo zinafurika. Nikamwuliza Mzee Nzioka, mpima mvua wetu na mzee wa kanisa.

"Jumapili sipimi, mwanangu. Hiyo ni siku ya Bwana. Maji inakaa tu kwa mkebe, Jumatatu naandika yote."

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Miaka yote hii Makueni haijanyeshewa Jumapili!

Alhamisi, 13 Novemba

Nyani haoni kundule. Watu wa kunde wana makala manne kwa mpiga chapa tangu mwaka juzi. Mimi nahesabu mwaka wa kuchapwa, si mwaka wa kazi. Na nusu ya yale ya mifugo ni kazi ya zamani, yalitoka kwa mpigo mmoja. Mzee anapima mvua, mimi napima sayansi, kosa letu moja: siku ya kumwaga mkebe tumeiita siku ya mvua. Yeye angalau anajua kwa nini. Silali vizuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekiri kwa mkurugenzi. Akanijia juu: "Sasa niandikie headquarters nini, ati hatujui kuhesabu?" Jedwali liliondoka jana. Hatatuma jingine. Nina hasira, zaidi na mimi mwenyewe. Nimewaandikia makao makuu barua kwa jina langu, nikaipeleka posta mjini Wote.

Jumatatu, 17 Novemba

Hakuna jibu. Watu wa kunde wanapalilia kama kawaida.

Ijumaa, 28 Novemba

Majibu yamekuja. Kunde inafungwa. Barua yangu "itazingatiwa mwaka ujao."

Jumanne, 2 Desemba

Dokta Mwikali anahamishiwa Mutomo. Alikuja maktaba kurudisha vitabu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akaweka vitabu mezani.

"Si neno, Mutua. Ulihesabu kile ulikuwa nacho."

Kisha akaniuliza habari za watoto. Afadhali angenigombeza.