Hata Moja Ising'atwe

Mombasa, 11 Februari 1956

Kwa Dada Hawo,

Salaam aleikum. Mimi mzima, kifua kimepona, na wanafunzi wangu ni wakorofi kama kawaida yao. Natumai wewe na mama mna afya, na ng'ombe wana maziwa. Mwambie mama samli aliyompa dereva wa basi imefika, na nusu yake imeshaliwa na jirani.

Sasa sikiliza, dada, na usinune kabla Mahmud hajamaliza kukusomea. Dereva huyohuyo amesema mbele ya watu, barazani, kwamba hapo nyumbani bado mnachinja kahawa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kahawa ina shingo?" mmoja akauliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Nimeandika magazetini dhidi ya machifu wanaokula ng'ombe wa watu. Nimeandika dhidi ya mashehe wanaouza hirizi, wakanitukana, nikawaandikia tena. Je, niliache jiko la mama yangu kwa sababu ni la mama yangu? Kuchinja ni kwa mnyama, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nyinyi mnashika punje ya buni, mnaing'ata ncha, mnasema imechinjwa, mnaikaanga kwa samli, mnaiombea dua, kisha mnapakana mafuta kwenye paji la uso. Nimesoma vitabu vya Misri na vya Unguja, na hakuna hata kimoja ambamo kahawa imechinjwa. Hiyo ni kafara ya mababu iliyovalishwa kanzu.

Siwakatazi kahawa. Kaangeni, mwagieni maziwa, tieni sukari. Nimefunga iliki, tangawizi kavu na mdalasini katika karatasi. Twangeni mtie kwenye maziwa, mtaonja kinywaji cha watu wa mji. Ila msing'ate ncha. Ninaandika waraka utakaochapwa kabla ya Ramadhani, nami nataka kusema humo: mama yangu mzazi ameacha.

Mdogo wako,
Jillo

Garsen, 2 Machi 1956

Kwa mdogo wangu Jillo,

Aleikum salaam. Sisi hatujambo. Mama hajambo ila magoti, na magoti hayo unayajua. Ng'ombe wako wa madoadoa amezaa jike. Mimi nasema na Mahmud anaandika hapa dukani kwake, kwa hiyo ukiona maneno matamu ni yake, makali ni yangu.

Nimesomewa barua yako mara mbili. Mara ya kwanza Mahmud alicheka. Nikamwambia asicheke, huyu ni mtu niliyembeba mgongoni akinikojolea, na leo ananifundisha jiko.

Umesema kahawa haina shingo. Meza ina miguu, mbona hujaiandikia waraka ivae viatu? Wewe umekwenda kupigana na neno, Jillo, na neno halina hata fimbo.

Umesahau ulivyopigana na Gure, mtoto wa ami, mkaumizana? Mama aliwakalisha jikoni, kila mmoja aking'ata buni zake. Zikaingia chungu kimoja, mkanywa, mkapakwa mafuta, ugomvi ukaisha. Jino lako la mbele lilimeguka siku ile kwa sababu uling'ata kwa hasira. Pengo hilo unalo mpaka leo mbele ya hao wenye vitabu.

Mimi ningekukatalia. Lakini mama amesema, "Jillo amesoma. Akisema tuache, tuache." Hilo ndilo linaloniudhi. Mimi ndiye ninayemkanda magoti asubuhi na jioni, na neno lako la kwenye karatasi linashinda langu la mdomoni.

Basi nakuuliza, unijibu waziwazi: tukaange bila kung'ata hata moja? Nauliza tena, kesho usije ukasema hukuulizwa. Hata moja?

Dada yako,
Hawo

Mombasa, 15 Machi 1956

Kwa Dada Hawo,

Salaam nyingi. Mimi mzima, joto tu. Nafurahi kwa ndama. Mama ampe jina.

Jibu langu: hata moja ising'atwe. Ukiing'ata moja umeacha mlango wazi. Na ufanye hivi: alika majirani, mama akae palepale penye chungu, akoroge kwa mkono wake, wote waone kwamba mama wa Jillo haogopi mizimu. Waraka uko kwa mchapaji. Nimeshaandika kwamba ameacha, kwa hiyo msinifanye mwongo.

Ile ya meza imenichekesha. Lakini kuchekesha si hoja.

Mdogo wako,
Jillo

Garsen, 20 Aprili 1956

Kwa Jillo,

Salaam. Ramadhani njema. Mimi mzima, ng'ombe wazima.

Mama aliunguzwa na samli siku tulipopika kahawa uliyoagiza. Ilimrukia usoni. Shavu linapona. Jicho la kulia dresa wa zahanati amelifunga kitambaa, anasema tungoje. Mama anasema usihangaike, na anafunga kama kawaida ingawa tumemkataza.

Mahmud ananiuliza niongeze nini. Sina la kuongeza.

Hawo

Mombasa, 29 Aprili 1956

Kwa Dada Hawo,

Salaam. Mimi mzima wa mwili tu. Tangu barua yako ifike nafunga bila daku. Nimempa dereva dawa ya kupaka, ya shavu. Jichoni msitie kitu mpaka dresa aseme.

Ni kudura ya Mungu, na mama ni mwenye subira. Lakini najua kelele zitakazofuata. Wajinga watasema mizimu imekasirika kwa sababu buni hazikuchinjwa. Usiyaache maneno hayo yakae hata siku moja! Waulize: je, moto haukuwa mkubwa mno? Samli haikuwa na maji? Chungu hakikujaa? Ajali ina sababu yake, na sababu hutafutwa. Niambie nani alikuwa karibu na chungu, nani alichochea moto, nami nitaandika.

Na mbona safari hii hukuandika kwamba wewe ni dada yangu?

Mdogo wako,
Jillo

Idsowe, 16 Mei 1956

Kwa mdogo wangu Jillo,

Salaam. Sikukuu imepita, tulikula, mama alivaa leso uliyomletea mwaka juzi. Mwili wake hauna neno.

Mwandiko huu si wa Mahmud. Nimevuka mto kwa mtumbwi, maji yamepanda mpaka kwenye migomba ya watu, nimekuja Idsowe kwa mwanamke anaitwa Iha aliyesoma misheni. Hanijui, hakujui, hajapata kumwona mama. Kwa mtu wa namna hiyo naweza kusema.

Umeuliza nani alikuwa karibu. Mimi.

Buni kavu ina ganda, na ndani ya ganda mna hewa. Ukiing'ata ncha, inapumua ndani ya samli ya moto. Usipoing'ata inapasuka kama risasi na kuirusha samli. Kila msichana wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kusuka nywele. Nilijua nilipokuuliza mara ya kwanza, nikajua nilipokuuliza mara ya pili. Ningekuambia kwa maneno machache tu, nawe ungekubali, na mimi sikutaka ukubali. Nilitaka zipasuke. Nilitaka samli ichafue mikeka, majirani wakimbie wakipiga kelele, na Mahmud akuandikie kwamba kahawa ya Maalim Jillo imefukuza wageni. Nilitaka nawe uchekwe.

Mama alitambua. Nilipomwaga buni chunguni akasema, "Leo sikusikia meno."

Nikamwambia, "Amri ya Jillo. Sogea nyuma, mama." Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo. Nataka ujue ilikuwa ndogo.

Akasema, "Jillo amesoma. Hawezi kutuagiza jambo la kutuunguza. Labda iko dua yake." Akainama akoroge, kama ulivyotaka.

Jicho halioni, Jillo, na la kushoto unajua lina ukungu tangu zamani. Dresa alilifungua, akasogeza kidole huku na huku, kisha akainamisha kichwa.

Mama hajaniuliza kitu. Tukienda mtoni anashika bega langu, na kila tunayekutana naye anamwambia, "Hawo wangu ndiye jicho langu." Kila akisema hivyo natamani maji yanichukue. Usimwambie. Na usije, maana ukija utamwambia. Wewe hujui kukaa na jambo mdomoni.

Iha ameweka kalamu chini mara mbili. Sikumwuliza kwa nini.

Hawo

Mombasa, 2 Agosti 1956

Kwa Dada Hawo,

Salaam kwako, salaam kwa mama, na kwa ng'ombe pia. Mimi mzima. Unajua mimi si mtu wa kukosa maneno, na tangu Mei sijakuandikia hata neno moja.

Waraka ulitoka kabla ya Ramadhani, kabla sijajua kitu. Watu bado wananishika mkono mlangoni mwa msikiti: "Maalim, umetuamsha." Mwezi uliopita mmoja aliusoma kwa sauti, akafika pale penye mama, pale niliposema ameacha bila hofu. Nilikuwa nimeshajua juu ya jicho. Nikasema ahsante.

Nimetafuta njia ya kukulaumu wewe. Nimejaribu kwa bidii, na kazi hiyo naiweza. Nilikuandikia barua tatu za lawama nikazichana, kwa sababu kila nikifika katikati nakutana na mwandiko wangu: hata moja ising'atwe, mama akae palepale. Uliniuliza mara mbili, Hawo. Mtu akiulizwa mara mbili na aliye jikoni, anapaswa kuuliza kwa nini anaulizwa. Nilikaa kwenye jiko lile utoto wangu wote na sikusikia buni ikipasuka, nikafikiri buni hazipasuki. Hazikupasuka kwa sababu mama alikuwa ameshazing'ata.

Yeye alidhani ninayo dua. Hilo silipiti. Nikianza kusomesha linanikuta darasani.

Nilijiambia siji kwa sababu ya mto. Mto umeshuka, mabasi yanapita. Kisha nikajiambia siji kwa sababu umenikataza. Kweli ni kwamba naogopa jinsi atakavyogeuza uso kulitafuta jicho la kuniona nalo.

Katika mfuko huu mna buni. Nimezipata kwa mtu aliyezitoa Moyale. Nimezing'ata mwenyewe. Hapana, wacha nitumie neno lenu: nimezichinja. Jirani alinikuta nimekaa chini natema maganda, akaenda kumwita mke wake aje aone. Jino langu lililomeguka halikunisaidia. Nawe ng'ata zako, zitie chungu kimoja na zangu. Mama ajue au asijue, hilo ni lako. Mimi nitafunga mdomo, na unajua itanigharimu kiasi gani.

Mchapaji nimempa waraka wa pili. Unasema: "Buni ing'atwe ncha, isipong'atwa hupasuka na kuunguza watu. Niliyoyasema kwanza niliyasema bila kujua." Akaugeuza upande wa pili, akaniuliza, "Ndiyo yote, Maalim?" Nikamwambia kwa sasa ndiyo yote ninayoyajua kwa hakika.

Mdogo wako, ukinikubali,
Jillo

Garsen, 30 Agosti 1956

Kwa mdogo wangu Jillo,

Aleikum salaam. Mimi mzima, mama hajambo, ndama ameanza kula majani. Mama anauliza utakuja lini. Nimemwambia utakuja kabla ya mvua za vuli, kwa hiyo usinifanye mwongo.

Nimerudi kwa Mahmud. Nilimweleza yote kabla hajafungua wino. Akafunga mlango wa duka kwanza, kisha akaufungua.

Nilimpa mama mfuko wako. Akazipitisha buni vidoleni, taratibu. Akasema, "Haya si meno yako."

Nikasema ni ya Jillo.

Akacheka mpaka akajifuta machozi, na lile jicho nalo linatoa machozi, Jillo, sikujua kama bado linaweza. "Ni yake," akasema. "Zimechanwa upande mmoja. Aling'ata kwa hasira tena?"

Nikasema sidhani kama safari hii ilikuwa hasira.

Nikang'ata zangu, yeye akisikiliza. Maziwa niliyatia iliki yako na tangawizi yako, maana mama amezipenda; haki yako nakupa. Mdalasini amekataa, anasema unanuka duka. Samli ilipopata moto akaja kukaa palepale penye chungu. Nikamwambia asogee. Nikamwambia tena, kwa sauti kubwa mpaka jirani Sabdio akachungulia.

"Wanangu wote wawili wamechinja," akasema. "Nisogee niende wapi?"

Moja ilipasuka. Ni yako, mimi zangu nazijua. Mkono wangu ulikuwa usoni pake kabla sijafikiri. Samli ilinipata nyuma ya kiganja, ngozi ikainuka. Nilifurahi, Jillo. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Tulimwagia maziwa, tukanywa. Mama akaomba dua, akanipaka mafuta kwenye paji la uso, kisha akataja jina lako na kupaka hewa pale ulipokuwa ukikaa. Halafu akautafuta mkono wangu, akaupapasa mpaka akafika palipoungua.

"Unauma?"

"Hauumi, mama."

"Haya," akasema. "Basi na jicho langu haliumi."

Dada yako,
Hawo