Muzee anaombea ng'ombe

Yaya Masika, dada yangu mukubwa, jambo kwako na kwa watoto huko Butembo!

Niko hapa kambini Kanyaruchinya kwa Tantine Kahindo, shangazi yetu, na mvua haituachi. Unajua vita vilimuachia kitu kimoja tu, ng'ombe wake Bihogo. Sasa Bihogo yuko karibu kuzala, basi wameacha kumukamua, ili kiwele kipumuzike na chuchu zijifunge, ugonjwa usiingie.

Lakini bwana ya Tantine, muzee wetu, hawezi kuishi bila maziwa. Kila asubuhi anaenda zizini, eti anamuombea ng'ombe. Leo Tantine akamufuata.

"Papa, tangu lini watu wanaomba na kikombe?"

"Nilikuwa namupunguzia uzito tu," muzee akajibu, maziwa yangali kwenye masharubu.

"Kiwele kikioza, ndama atanyonya nini? Na sisi?"

Tantine akabeba majani makavu ya kitanda cha muzee, akamutandikia Bihogo chini ya shitingi, lile turubai letu la kambi, mbali na matope. Muzee atalala juu ya mawe ya volkano.

Bihogo anakusalimia sana. Muzee hasalimii mutu: anatafuta nani alimunong'oneza Tantine. Uniombee, yaya, lakini bila kikombe.

Mudogo wako, Kavira